Nilivyohesabu Watoto wa Watu

Vijana wangu,

Siku ile mliponialika ukumbini Isinya niwaeleze habari za kazi ya kuhesabu watu, nilipewa kipaza sauti nikaongea juu ya viatu. Nikaongea juu ya maji ya kunywa, na mbwa, na namna ya kubisha hodi kwenye boma lisilo na mlango. Mlicheka vizuri, mkapiga makofi, mkanipa soda. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiona nimewapunja. Jambo ambalo lingewafaa zaidi nililiacha kooni, kwa sababu ni la aibu, na mambo ya aibu hayasemeki kwa kipaza sauti. Kwa hivyo nimekaa chini niandike.

Ya viatu siyafuti. Mvua ikinyesha Kitengela, ule udongo mweusi unakuvua kiatu na kubaki nacho. Miaka ya tisini mwanzoni Noonkopir, mtaa wetu wa pale, ilikuwa vibanda vichache na nyika, punda milia wakipita nyuma ya choo chetu asubuhi. Gari la ofisi likizama tulishuka wote, karani na mkubwa wake, tukasukuma mpaka nguo zikawa rangi moja. Nyinyi mna tableti na ramani inayoongea. Sisi tulipewa ramani iliyochorwa kwa mkono, imeandikwa "mpaka unaanzia kwenye mti mkubwa", na ukifika unakuta mti ulishachomwa makaa.

Na umri! Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi tulitembea na karatasi ya matukio: ukame fulani, mwaka wa nzige, rika fulani lilipotahiriwa. Unamuuliza mzee, "Wakati wa nzige ulikuwa unachunga ndama ama ng'ombe?" Akisema ndama, unakisia alikuwa mtoto. Mimi nilikisia kwa ujasiri mwingi. Siku moja mkubwa wangu aliinua fomu niliyoijaza akauliza mbele ya ofisi nzima, "Huyu mama alizaa kabla hajazaliwa?" Nilikuwa nimempa mama umri mdogo kuliko wa mwanawe. Watu walicheka wakashika meza. Mimi pia nilicheka, uso ukiniwaka moto. Aibu kama hiyo ni ndogo, inaisha chai ikiisha.

Ziko zingine haziishi.

Nijieleze kwanza, maana wengi wenu mnanijua kwa uso tu. Mimi ni wa Bungoma, Mbukusu. Kajiado nililetwa na ndoa. Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda cha simiti huko Athi River, tukapanga chumba Noonkopir, na kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nikapata ukarani wa takwimu. Watu waliniita Mama Wafula, kwa jina la kifungua mimba wangu. Sikujua neno moja la Kimaasai. Aliyenifundisha kazi ni Naserian, karani mwenzangu wa Kajiado mjini, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyenizidi umri na aliyekuwa akinitafsiria.

Mwaka wangu wa kwanza tulitumwa kuuliza habari za uzazi kwenye maboma ya chini, ukishapita Kona Baridi na kuteremka kuelekea Magadi. Upepo wa pale juu unakata masikio, halafu unashuka kidogo tu unaanza kuvua sweta. Tulifika kwenye boma moja asubuhi, wakati ng'ombe wameshatoka. Watoto walikuja wakainamisha vichwa tuwaguse, kama adabu yao ilivyo. Mama mwenye nyumba aliitwa Noonkishu. Alikuwa anakamua mbuzi mmoja aliyebaki, hakuacha.

"Takwenya," nikamwamkia, nikijivuna kwamba nimejifunza.

"Iko," akaitikia, akatabasamu kwa matamshi yangu.

Basi nikaona mambo ni rahisi. Nikafungua fomu, nikageukia wale watoto waliosimama mstari, na nikaanza kuwanyooshea kidole. Moja, mbili, tatu, kwa sauti. Noonkishu aliacha chuchu ya mbuzi. Alimvuta mdogo kabisa akamfunika kwa shuka yake, kichwa na yote. Naserian alinigusa mkono lakini mimi nilidhani ananihimiza niende haraka. Nikaendelea na swali lililofuata. Swali lenyewe mnalijua, mpaka leo liko: watoto waliozaliwa hai na ambao sasa hawako hai. Nilimwambia Naserian, "Muulize wangapi walikufa, na walikuwa wanaitwa nani." Jina halikutakiwa na fomu. Niliongeza mimi mwenyewe, nikidhani ndio bidii.

Naserian hakutafsiri. Lakini Noonkishu alikuwa anasikia Kiswahili kuliko nilivyofikiri. Aliweka kibuyu chini, akampa Naserian maneno mawili matatu bila kuniangalia, akamchukua yule mtoto aliyefunikwa akatoka nje ya boma. Mbuzi alibaki amesimama na maziwa nusu. Wale watoto wengine wakamfuata mama yao. Nikabaki na kalamu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema umewahesabu watoto wake kama mbuzi wa mnada," Naserian akanijibu. "Na umetaka aite mtu ambaye haitwi tena. Hapa mtu akienda, jina lake linapumzika. Twende."

Kwenye gari hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alitoa mandazi kwenye kikaratasi akanipa moja, na mimi nikalishika tu mpaka likapoa mkononi, machozi yakinitoka kama mtoto wa shule.

Kesho yake alinirudisha. Hatukubeba fomu. Tulimkuta Noonkishu anakandika ukuta wa nyumba kwa mavi ya ng'ombe na udongo, na Naserian akakunja mikono ya blauzi yake ya ofisi akaanza kusaidia. Mimi nikaona sina njia, nikatumbukiza mikono pia. Tulikandika, wao wakiongea habari zao, mimi nikinyamaza. Jua lilipopanda tulipewa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Hapo ndipo Noonkishu aliponigeukia, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wale wanachunga uliona. Ingine Mungu alichukua. Hiyo wewe unaandika, lakini wewe hapana ongea."

"Ashe," nikamwambia, asante kwa Kimaasai. Sikuongeza neno.

Hiyo ndiyo siku nilijifunza kuuliza, na njia yenyewe nawapa, ichukueni. Usihesabu mtoto kwa kidole wala kwa sauti. Uliza, "Nani wanalala hapa?" mama akutajie, wewe ukiweka alama kimyakimya. Usiseme "walikufa". Sema, "Mungu alikujalia watoto, wengine wako wapi sasa?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo makarani wengi hukosea. Mama akisema hakuna, usiruke swali. Inua kalamu, angalia mbali kidogo, mwangalie kuku. Mara nyingi atarudi mwenyewe aseme, kuna mmoja. Mama yeyote anakumbuka. Wanaosahau ni sisi wenye haraka.

Maneno hayo niliyasema sana baadaye. Nilipopandishwa kuwa msimamizi, nilifundisha makarani kuanzia Ngong mpaka Namanga, na hapo kwenye swali hilo ndipo niliposifika. Wakubwa walisema maeneo ya Mama Wafula hayakosi majibu. Nilisimama mbele ya ubao nikawaambia vijana, "Mama akisema hakuna, subiri." Walicheka nilivyoigiza kumwangalia kuku.

Sasa niwaambie kuhusu Nekesa.

Nekesa alikuwa mtoto wangu wa pili. Alizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana ya jina lenyewe kwetu. Alikuwa ameanza kukaa, ukimweka kwenye mkeka anaegemea upande mmoja kama gunia, anacheka. Nilipata kazi ya uchunguzi mwingine wa kaya, kazi ya kushinda na kulala nje, huko huko njia ya Magadi. Tulizungumza na mume wangu, tukakubaliana mtoto apelekwe Bungoma kwa nyanya yake, aachishwe ziwa, nami nikamalize kazi. Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili.

Malaria ilimpata huko. Siku hizo simu ilikuwa ya posta. Ujumbe ulifika kiwandani, mume wangu akasafiri, na mimi nikatafutwa boma kwa boma. Aliponipata dereva wa ofisi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nimepakata mtoto wa mwanamke mwingine huku namuuliza mamake maswali. Nilipofika Bungoma, Nekesa alikuwa ameshazikwa kando ya migomba. Mama mkwe alisimama mlangoni akaanza kunieleza, nami nikamwambia, "Basi, Mayi. Usiniambie." Mayi ndivyo tunavyomwita mama. Alinyamaza. Nilirudi kazini mapema kuliko ilivyotakiwa. Nyumbani kwangu jina hilo halikutajwa tena. Kwa Wamaasai ni heshima. Kwangu ilikuwa kukimbia tu, na nikaliita heshima.

Baadaye nilizaa wengine. Majirani wa Noonkopir walijua watoto walionizunguka, basi.

Ikaja sensa ya mwaka wa tisini na tisa. Mimi nilikuwa msimamizi wa sehemu ya Kitengela, na Noonkopir ikiwa ndani yake. Tulishatoka kwenye chumba kimoja tukawa na vyumba viwili kwenye ploti yenye wapangaji wengi, milango ikitazamana na bomba la maji katikati. Mama mkwe alikuwa amekuja kutibiwa macho, akalala kwetu, kwa hiyo ahesabiwe kwetu. Kwa sheria ya kazi nami pia lazima nihesabiwe na karani wa eneo langu. Alikuwa msichana anaitwa Wanjiru, wa familia ya wenye duka la mbegu pale stendi, niliyemfundisha mwenyewe. Alikuja asubuhi na mapema anipate kabla sijatoka.

"Shikamoo, madam," akasema, akisimama wima kama aliyeitwa na polisi.

"Marahaba. Keti. Usiniogope, niulize kama mtu yeyote."

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya jua. Jirani yetu Mama Njeri alikuwa anafua pale bombani, hatua chache tu, na wengine wakisubiri kujaza mitungi. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, kitambaa cheupe kwenye jicho moja, anakunywa chai. Wanjiru aliuliza vizuri, namkubali. Nani walilala hapa. Uhusiano. Kabila. Alizaliwa wapi. Nikajibu harakaharaka, huku nikimsahihisha namna ya kushika fomu isikunjike.

Akafika pale.

"Madam, Mungu alikujalia watoto," akasema, kwa maneno yangu mwenyewe, hata sauti akiwa ameishusha kama ninavyoishusha. "Wengine wako wapi sasa?"

"Wote wako hapa. Wameenda shule."

"Kuna yeyote ambaye..."

"Hakuna. Endelea."

Wanjiru aliinua kalamu. Akaangalia nje, kule kwa Mama Njeri. Akasubiri. Nilimwona anasubiri, nikajua anachofanya, na nikakasirika.

"Nimekwambia hakuna. Una nyumba nyingi leo. Andika sufuri uendelee."

Akaandika. Nikatia mkono wangu kwenye fomu nikaangalia kama sufuri imekaa ndani ya kisanduku. Nilifanya hivyo, vijana wangu, nisiwafiche. Kisha akamuuliza mama mkwe maswali yake, akamaliza, akashukuru, akaandika namba kwenye mlango kwa chaki, akaenda mlango wa pili.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu asiyegombana. Kwa miaka yote ile hakuwahi kunipandishia sauti.

"Mama Wafula," akaniita.

"Naam, Mayi."

"Yule mtoto nilibeba mgongoni mpaka dispensari. Alikuwa wa nani?"

Jicho lake moja limefunikwa, lile lingine linaniangalia. Nilisikia maji yakigonga beseni pale nje.

"Nauliza tu," akasema. "Kwa sababu kama hakuna mtoto, basi mimi sijui nilizika nini. Na kila nikikuona naogopa. Najua unasema moyoni, huyu mzee aliniulia mtoto."

"Mayi, sijawahi kusema hivyo!"

"Hujasema. Hujasema kitu chochote. Hiyo ndiyo unanipiga nayo."

Nimeaibika kwenye kazi hii mara nyingi, hata ile siku nilibaki na kalamu kwenye boma la watu. Lakini hapa nilikuwa nyumbani kwangu, kitambulisho cha msimamizi kikiwa shingoni, na sufuri niliyoikagua mwenyewe ikiwa imeshatoka mlangoni. Nilikuwa nimewafanya akina mama wa wilaya nzima watoe walichokificha. Changu nikakataa hata kukipa mstari mmoja, mbele ya mtu aliyekaa nacho mikononi mpaka mwisho wakati mimi sikuwepo.

Nilitoka bila viatu, leso ikiwa imefungwa vibaya. Wanjiru alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mlangoni kwa jirani, anaanza.

"Wanjiru, rudi. Ile fomu yangu iko na makosa."

"Makosa wapi, madam?" Alidhani kosa ni lake.

"Si yako. Ni yangu. Kuna mmoja."

Mama Njeri aliacha kukamua nguo. Wale wa mitungi wakageuka. Nilitaka ardhi ya Kitengela, inayomeza magari, inimeze na mimi.

"Nishaifunga, madam. Nikikata itachafuka, na wewe ndiye ulitukataza kuchafua."

"Kata. Mstari mmoja, uandike pembeni. Nitatia sahihi."

Alifungua kurasa, akapata mahali. "Msichana ama mvulana?"

"Msichana." Na kabla sijajizuia nikasema, "Anaitwa Nekesa."

"Hakuna mahali ya jina, madam."

"Najua. Nakuambia tu."

Wanjiru alikata sufuri, akaandika, nikatia sahihi yangu juu ya goti lake. Mama Njeri alikuja akaniwekea mkono begani, mkono wenye povu, ukaacha alama ya maji kwenye blauzi. Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyeonekana uchi na majirani, na hisia hiyo ilinikalia muda mrefu. Hata leo nikikutana na Wanjiru, ambaye sasa ana duka lake, naanza kuongea haraka juu ya hali ya hewa.

Sikwenda kazini asubuhi hiyo. Nilimtuma mtu akaseme nitachelewa. Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya mama mkwe.

"Mayi," nikamwambia, "ile siku nilikukatiza. Niambie sasa."

Alirekebisha kile kitambaa cha jicho. Kisha akanieleza kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayeshuka mlima. Kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ikateleza. Kwamba alimfunga mgongoni na shali yake ya kanisani kwa sababu ndiyo ilikuwa nzito. Kwamba walikutana na mtu mwenye baiskeli akageuza kwa ajili yao, akawapakia na kuwasukuma mpaka darajani.

"Alikuwa analia?" nikauliza.

"Hapana. Alikuwa anaangalia ng'ombe. Kila tukipita ng'ombe anageuza kichwa, namsikia mgongoni anageuka."

"Alikuwa anapenda ng'ombe?"

"Sana. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Nikauliza mengine. Alikula nini siku hiyo, alilala upande gani, nani alishona ile nguo aliyozikwa nayo. Nilikuwa na maswali mengi kuliko fomu yoyote niliyowahi kubeba, na mama mkwe aliyajibu yote, mengine akilia, mengine akicheka, kwa maana Nekesa alikuwa amemtapikia pasta wake. Jiko halikuwashwa. Watoto walirudi saa ya chakula wakaona nyuso zetu, wakachukua mkate wakatoka nje kucheza.

Mume wangu alitoka zamu akatukuta hivyo hivyo, nimelaza kichwa kwenye goti la mama yake. Alisimama mlangoni na mkebe wake wa chakula, vumbi la simiti kwenye nyusi.

"Kuna nini? Nani mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna mgonjwa," mama yake akamjibu. "Vua viatu uketi. Tunaongea juu ya Nekesa."

Nilidhani atageuka atoke, maana hata yeye alikuwa ananyamaza tangu siku ile. Kisha akaweka mkebe sakafuni, akafungua kamba za viatu, moja, halafu nyingine, akaja akakaa nasi kwenye mkeka.

"Alikuwa na jino," akasema. "La chini. Mimi ndiye niliyeliona wa kwanza."